Kutafuta Jani Wakati wa Kiangazi

Mlioniuliza baada ya ibada, nanyi mliopiga simu nikawa sipokei, nawaandikia wote kwa mara moja. Nikisimulia kwa mdomo nalia, na nikilia hakuna anayeelewa ninachosema. Ni mimi yule yule Minza, fundi cherehani wa Buswelu, ambaye mnasema mdomo wake unakimbia kuliko cherehani yake. Leo mtanisikiliza bila kunikatiza.

Mambo ya nauli na ruhusa nayaruka, hayana faida kwa mtu. Nasema njia ilivyonitenda.

Kivuko cha Kamanga

Nilikuwa nashona sare za kwaya, hizo hizo zenu, simu ikaita. Alikuwa Kabula, mke wa mdogo wangu Masanja, kutoka Sengerema. "Wifi, njoo," akasema. "Mume wangu anaona kila kitu cha njano."

Nikamwambia aache mzaha, ampe simu mwenyewe. Masanja akaja. "Dada, mashuka ya hospitali ni meupe, si ndiyo?" Nikamwambia siku zote ni meupe. "Basi mimi la kwangu naliona limelowekwa kwenye manjano. Na moyo unapiga, unapumzika, halafu unakumbuka unapiga tena." Niliacha sindano ndani ya kitambaa, nikafunga mlango nikatoka.

Lazima mjue huyu Masanja ni nani kwangu. Ni kitinda mimba wetu. Mama alifariki Masanja akiwa hajaanza hata kutembea vizuri, nikambeba mgongoni mimi. Kwa jina ni mdogo wangu, kwa kazi ni mwanangu wa kwanza. Nilipokuwa nashuka kuelekea ziwani nilikuwa naomba kitu kimoja tu, nimkute hai, na nilikuwa naomba kwa sauti, watu wananigeukia.

Kufika gatini, kivuko tunakiona kwa macho lakini hakifiki. Gugumaji limejaa kati yetu na chenyewe, zito kama zulia, na maua yake ya zambarau yamesimama juu yake bila wasiwasi wowote. Wanaume wanalisukuma kwa miti, linaondoka kidogo, linarudi. Nimewahi kusikia watu wakiyasifu maua yale. Siku ile niliyachukia kama ninavyomchukia mwizi.

Mama mmoja muuza dagaa, amekaa juu ya ndoo yake, akaniambia, "Mayu, mama, kaa chini. Haraka haraka haina baraka."

Nikamjibu vibaya, Mungu anisamehe. Nilimwambia baraka zangu ziko ng'ambo zinatapika. Akanitazama kidogo, akageuza ndoo nyingine, akaipangusa kwa kitenge chake, akaniambia, "Basi kaa, ulie ukiwa umekaa." Nikakaa. Jua lilikuwa limeshapinda kivuko kilipopata upenyo.

Sengerema

Nilimkuta anacheka. Hilo ndilo lililonidanganya. Amelala, midomo imekauka, lakini ananiambia, "Dada, umependeza na gauni lako la njano." Gauni langu lilikuwa jeupe.

Daktari, mpole, mtu wa kusema taratibu, alitutoa barazani mimi na Kabula. Kisa chenyewe ni hiki. Masanja alikuwa na tumbo linalomsumbua tangu zamani, na mjomba wetu Luhende, anayekaa ndani huko Magu upande wa nyika, alimtumia dawa ya mizizi. Ni dawa ile ile tuliyokunywa sote tangu utotoni. Ukiumwa tumbo kwetu hakuna anayefikiria kingine. Safari hii Masanja alipoinywa akaanza kutapika, kisha moyo, kisha ile njano.

"Mjomba wenu nimeongea naye kwa simu ya jirani yake," daktari akasema. "Amenitajia mti. Mti huo naujua, hata bibi yangu anautumia. Hauchezei moyo. Kwa hiyo ama huu ni ugonjwa mwingine kabisa, ama kilichochimbwa sicho alichokitaja."

Nikamuuliza kwani kuna tofauti gani, si atibu moyo tu. Akasema sumu zinaweza kufanana kwa dalili lakini tiba zake zinapishana, akikosea njia anaweza kummaliza kwa mkono wake mwenyewe. "Nenda ukaone alipochimba. Niletee tawi lenye jani na ua. Mizizi mingi inafanana, mama. Jani na ua ndiyo sura ya mmea. Mmea ukijulikana ni upi, nitajua mgonjwa tumpeleke wapi na tumpe nini."

Kabula alikuwa amesimama pale pale, mikono ndani ya kitenge. Nikamshika bega. "Wifi, wewe kaa naye. Mimi nakwenda kuleta." Akaitikia kwa kichwa.

Juu ya dari ya Mama Hansa

Mtaniuliza kwa nini nilipita mjini Mwanza badala ya kunyoosha Magu. Jamani, mimi mimea siijui. Mimi najua kitambaa. Mnipe gizani nitawaambia hii pamba, hii polista. Lakini mti kwangu ni kuni au kivuli.

Ninayemjua anayejua ni Mama Hansa, yule mjane wa Kihindi anayeniuzia nyuzi na zipu. Kazaliwa Mwanza, ziwa lote lile mbele ya macho yake, na kitu anachopenda duniani ni miti isiyotaka maji. Dari ya nyumba yake imejaa makopo ya mafuta ya kupikia, na ndani ya kila kopo kuna kitu cha miiba, au kinene, au kilichopinda. Mwanzoni nilidhani ni ibada. Kumbe ni mapenzi tu.

Alinipandisha juu, akanipa chai ya tangawizi na chapati nyembamba za majani ya uwatu, nikala nimesimama, naye akanifundisha kama anayemfundisha mtoto kuvuka barabara. Tazama majani yamekaaje kwenye tawi, yanatazamana mawili mawili au yanapishana. Tazama mishipa ya jani. Hesabu petali za ua, chungulia kooni mwake ni rangi gani. Vunja kidogo uone kama linatoa maziwa, lakini mkono usiguse jicho wala mdomo.

"Ukipata, nipigie picha. Lakini Minza," akasema, akainua kidole, "picha ya fimbo usiniletee. Miti ya nyika ni mijanja. Maji yakiisha inatupa majani yote, inabaki fimbo. Yote inabaki fimbo. Hapo hata mimi siwezi kukwambia kitu."

Hapo ndipo nilipokumbuka tuko mwezi gani. Mvua ya mwisho hata siikumbuki. Nikamuuliza, "Na kama hakuna jani hata moja?"

"Tafuta ua. Mingine hutoa ua ikiwa uchi, kabla ya jani. Na kama huo wenyewe umekwisha, tafuta ndugu yake hapo jirani. Mti haukai peke yake."

Nilishuka ngazi nikijiambia maneno hayo kama sala. Ndani ya moyo nilikuwa najua naenda kutafuta jani mahali ambapo hata ng'ombe wamelikosa.

Magu, na ndani zaidi

Basi la Magu halina kisa, isipokuwa lilipata pancha na dereva akasema hii ni kawaida. Kwake kawaida. Mimi nilihesabu mapigo ya moyo wangu nikiwaza ya Masanja.

Kutoka Magu nilichukua bodaboda. Yule dereva akaniuliza naenda kwa nani, nikamwambia kwa Luhende. "Aaa, kwa mzee wa dawa!" Nikasema ndiyo, nafuata mti. Kuanzia hapo hakufunga mdomo. Eti nimpatie na yeye wa kumtuliza mchumba wake, anamsumbua na simu za watu. Nikamwambia mimi sifuati wa mapenzi. Akacheka, "Mama, wote husema hivyo." Nilitaka kumpiga kofi, lakini pikipiki ilikuwa yake.

Nchi ile imenivunja moyo. Majaruba ya mpunga yamepasuka, unaweza kuingiza mguu kwenye ufa. Mabua ya pamba yamechomwa. Baada ya hapo hata shamba hakuna, ni vumbi jekundu, mawe, na vichaka vya kijivu visivyo na kitu. Kijani pekee ni minyaa ya uzio wa maboma. Watu wa huko wanasema jangwa linakuja. Mimi nililiona limeshafika, limeweka na virago.

Nilimkuta mjomba nje ya boma lake, nikamwamkia kikwetu. "Mwadila, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba, mpwa wangu. Masanja amesimama?"

"Hajasimama, mjomba. Nimekuja kwa ajili hiyo hiyo."

"Kwanza ule."

Nyinyi mnaijua desturi yetu. Mgeni hasemi shida yake tumbo likiwa tupu, na mgeni kama mimi hali mboga za majani peke yake. Kwa hiyo kuku akatafutwa. Kuku akakimbia. Mama mkubwa, mke wa mjomba, akamkimbiza kuzunguka boma, nami nimekaa kwenye kigoda, nimepewa matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na chai nishikilie, nataka kupiga kelele kwamba mtu anakufa. Ningesema ningemvunjia mjomba heshima, na mjomba ndiye niliyekuwa namhitaji. Nilimwangalia kuku yule anavyopigania uhai wake nikamwonea wivu, maana yeye alau alijua anamkimbia nani.

Tulipomaliza kula, mjomba akanawa mikono, akasema, "Sasa sema." Nikasema yote. Hakukasirika. Akaniambia, "Mti ni ule ule. Jani lake lina vidole vitatu kama mguu wa kuku, ua lake dogo la njano. Siwezi kuukosea."

"Sasa hivi una jani, mjomba?"

"Sasa? Sasa hauna. Dawa huchimbwa kiangazi, nguvu yote imeshuka mzizini."

"Sasa unaujuaje?"

Akacheka kidogo, kama nimeuliza jua linachomoza wapi. Masika, mti ukiwa na jani na ua, anapita porini, na kila anapouona anaufunga kitambaa chekundu. Kiangazi anarudi, anachimba palipo na kitambaa. Ndivyo alivyofanya baba yake, na babu yake. Nilipomtazama usoni akiyasema hayo niliona macho yake yana ukungu mweupe. Mtoto wa jicho, yote mawili. Mama mkubwa akaniambia pembeni kwamba siku hizi nyekundu ndiyo rangi pekee anayoiona vizuri.

Palipo na kitambaa

Tulikwenda asubuhi yake, yeye mbele na fimbo, anatembea njia anayoijua kwa miguu. Tukafika mahali pa mawe, akasimama. "Hapa."

Kweli palikuwa na shimo. Na kweli kando yake kulikuwa na utepe mwekundu. Niliuokota. Mkono wangu ndio ulioniambia kabla ya macho.

"Mjomba, hiki si kitambaa."

"Ni chekundu?"

"Ni chekundu. Lakini ni nailoni."

Nikainua macho. Mbele kidogo kulikuwa na kichaka kingine kimefungwa utepe mwekundu. Mbele yake kingine. Na kingine, na kingine, vimenyooka kama mshono, hadi kule barabarani, halafu vinakata kona. Watu wa tepe kama hizo nimewaona huku kwetu Buswelu mara ngapi! Ni madalali wa viwanja. Wanakuja, wanavuta kamba, wanafunga tepe kwenye chochote kilichosimama, wanaondoka.

"Mjomba," nikasema, "kuna watu walikuja kupima hapa?"

"Walikuja. Wanauza viwanja, hapa pakavu hivi, sijui wanamuuzia nani." Kisha akaniuliza polepole, "Zimekaaje?"

"Kwa mstari."

Akasimama pale na fimbo yake. "Mti hauoti kwa mstari," akasema. Kisha akakaa chini, palepale kwenye mawe. Alirudia mara mbili, "Nyekundu ni yangu. Huku nyekundu ni yangu miaka yote." Nilimhurumia, na papo hapo nilitaka kumtikisa mabega, na vyote viwili nilivihisi kwa wakati mmoja.

Shina la ule mti alilolitupa lilikuwa bado kando ya shimo. Nene chini, la kijivu, laini kama ngozi, halina jani, halina ua. Fimbo. Nilikaa nalo mapajani nikalia kwa hasira, maana nilikuwa nimefika mwisho wa safari na nilichopata ni kile kile nilichokatazwa kupeleka.

Tafuta ndugu yake, alisema Mama Hansa. Nikasimama. Nilipanda mawe yale kwa kandambili, miiba inanichana, naangalia kila kitu kinene, cha kijivu, laini. Niliona vya miiba, si chenyewe. Niliona vyenye pembe nne, si chenyewe. Kisha nyuma ya jiwe kubwa, mahali ambapo hata mbuzi hafiki, nikauona. Tumbo kubwa, mikono mifupi imeelekezwa juu, uchi kabisa, na kwenye ncha za mikono ile maua. Maua jamani! Ya rangi ya waridi iliyokolea pembeni, yamepauka katikati, petali tano, katikati ya vumbi lile. Sijawahi kuona kitu kizuri namna hiyo nikaogopa namna hiyo.

Nilivunja kidogo, utomvu ukatoka. Nikang'oa mdogo wake uliokuwa kando, mzima mzima, na ua likiwa juu. Nikampelekea mjomba. Hakuwa na haja ya macho. Alipapasa lile tumbo, akapapasa ua, akarudisha mkono upesi.

"Huu wazee walikuwa wanapika," akasema, "wanapaka mishale."

Magu, sehemu ya kuchaji simu

Kule ndani mtandao unakamata kwa kubahatisha, na simu yangu ilikuwa imezima. Nilirudi Magu mchana, nikaingia kwenye kibanda cha kuchaji simu, nikamsihi mwenye kibanda achomoe ya mtu mwingine aweke yangu. Akanikatalia, nikalia, akachomoa. Nikatuma picha kwa Mama Hansa. Mama ntilie wa jirani akaniwekea wali na furu, nikawatazama tu wale samaki nao wananitazama.

Mama Hansa hakuandika, alipiga. "Jani hakuna?"

"Hakuna."

"Petali tano, kooni kumepauka, shina nene limevimba chini?"

"Ndiyo."

"Sikiliza. Miti ya mishale si mmoja. Kuna mwingine ua lake dogo jeupe lenye harufu nzuri, jani lake gumu, kijani mwaka mzima. Huo siyo huu. Huu ni waridi la jangwani, Minza. Mimi mwenyewe ninalo juu, ulilipita ukinywa chai, halikuwa limetoa ua. Mwambie daktari ni sumu ya moyo. Mpigie sasa hivi, acha kunisikiliza mimi."

Nikampigia Kabula, maana namba ya daktari sikuwa nayo. Nilikuwa karibu na furaha, naweza kusema hivyo. Nilimwambia, "Wifi, mti tumeupata! Ni waridi la jangwani. Ni ile dawa kweli, ni sumu ya moyo. Kimbia kwa daktari na simu hiyo hiyo."

"Wifi? Kabula!"

"Asubuhi hii nimempa," akasema.

"Umempa nini?"

"Dawa ya mjomba. Mjomba alisema dozi isikatwe, ikikatwa ugonjwa unarudi kwa hasira. Nilimwambia daktari imeisha. Nimekuwa nikiichanganya kwenye uji. Leo kilikuwa kikombe cha mwisho, wifi. Nilitaka amalize."

Nilishindwa hata kumtukana. Ni nani kwetu asiyejua hivyo? Dawa ya mizizi haikatwi katikati, na daktari haambiwi. Ungekuwa wewe ungefanya hivyo hivyo, na mimi pia, nikiwa nimekaa pale kitandani peke yangu. Nikamwambia tu, "Mpe daktari simu." Daktari akasikiliza. Alishusha pumzi, akasema anampigia mwenzake Mwanza, watamhamishia huko kwenye mashine za moyo, nami niulete ule mmea auone kwa macho yake.

Kwenye basi

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nilikuwa nimeufunga mti ule kwa kitenge, nimeupakata ili ua lisipondeke. Mama mmoja jirani yangu, mwenye dumu la mtindi, alikuwa ananitazama kwa huruma tangu Magu.

"Mayu, katoto kamelala muda wote. Kafunue kidogo kapate hewa."

Nikamwambia si mtoto. Akadhani nimechanganyikiwa na uchovu. Akanyoosha mkono kwa upole, akafunua kitenge. Akakutana na lile tumbo, na ile miguu miwili ya mizizi, na ile mikono, bila kichwa.

Weee! Alipiga ukelele ambao nadhani Sengerema walisikia. Mtindi ukamwagika. "Mchawi! Amebeba kitu!" Basi zima likasimama. Nikasema ni mti, ni wa daktari, mdogo wangu anakufa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyorudi nyuma. Kondakta hakutaka hata kunigusa, alinionyesha mlango kwa mguu. Nikashushwa barabarani kabla ya Kisesa, na kitu changu, jua kali.

Magari yalipita. Nilikuwa nimechoka hata kuinua mkono. Nilikaa kwenye ukingo wa barabara, nikaufunika mti na kivuli changu mwenyewe, nikasema, Mungu, kama umeshaamua, niambie nirudi nyumbani. Hakusema kitu. La kuvunda halina ubani, lakini mtu huendelea kufukiza tu. Mwishowe mwenye lori la mabua ya pamba akanichukua, akaniambia, "Weka huko nyuma, nisikione." Nikaweka.

Darajani

Kutoka mjini nilikodi gari dogo, tukazunguka kwa daraja la Busisi. Nilifika wodini Sengerema gari la wagonjwa likiwa limeshafunguliwa mlango. Daktari alinipokea kitenge, akafunua, akaangalia ua kwa muda mfupi, akaitikia kwa kichwa, akaondoka kwa kukimbia.

Masanja alikuwa kwenye machela. Alikuwa na ile mashine ya pumzi, akaisogeza.

"Dada. Umelipata?"

"Nimelipata."

"Nionyeshe."

Ua moja lilikuwa limedondoka ndani ya kitenge. Nikalishika karibu na uso wake. Akalitazama.

"Rangi yake ya kweli ni ipi?"

"Ya waridi, baba."

"Mimi naliona la njano," akasema. "Lakini zuri."

Nilipanda naye gari. Kabula alikaa miguuni pake, kashika vidole vya miguu yake. Walimchoma dawa waliyojua sasa kwamba ndiyo yenyewe. Moyo ukapiga, ukapumzika. Ukapiga. Tulipokuwa juu ya daraja, maji kulia na kushoto, ukapumzika, na nesi akaanza kumbonyeza kifua, akambonyeza hadi Kigongo, ng'ambo ya daraja, akambonyeza hadi akaishiwa nguvu mikono. Nilimwambia, "Mwanangu, inatosha." Sijui nilikuwa namwambia nesi au Masanja.

Nyumbani

Tumemzika kwetu. Mjomba Luhende hajachimba tena. Watu wanakwenda, anawaambia hajui dawa yoyote.

Kabula nimemleta kwangu. Sasa nasikia huku Buswelu kuna maneno, eti mke kamwekea mume sumu kwenye uji. Ndiyo maana nimeandika yote, hata yale yanayoniuma, muyajue kutoka kwangu na si kutoka kisimani. Alimpa dawa. Alimpa kwa kijiko, akimpuliza uji usimuunguze.

Kila tukimaliza kula ananiuliza swali moja. "Wifi, nisingempa kile cha asubuhi, angeishi?" Nilimuuliza daktari, tukiwa wawili tu. Alinijibu, na jibu lake sitaliandika hapa. Kabula nimemwambia hapana, asingeishi, mambo yalikuwa yameshapita. Mkija kumpa pole atawauliza na nyinyi, maana anamuuliza kila mtu. Nawaomba mumjibu hivyo hivyo.